Fundi Jerusa na Mia Nne Tisini na Tano

Jerusa akicheka, hata watu waliokuwa kwenye foleni ya kupima majani chai kule chini ya soko walijua fundi amefurahi. Hakuwa na kicheko kidogo. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja pale Roret, tukakigawa kwa pazia: upande wa barabarani cherehani yake, upande wa ndani saluni yangu. Mimi Nelvine nilisuka watu na kuwapaka kalikiti, ile dawa ya nywele, yeye akashona sare za shule, magauni ya harusi na suruali za wazee. Mteja wangu akikaa na dawa kichwani, Jerusa ndiye aliyemfanya asahau kwamba inawasha.

Alizaliwa Kisii. Mumewe, Onyiego, alikuwa mtu wa boila kwenye kiwanda cha majani chai kule Mogogosiek, akija nyumbani wakati wa mapumziko akinukia moshi wa kuni. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Gichana, kwa hivyo soko zima lilimwita mama yake Mama Gichana. Kipsigis cha kwetu alikizungumza vizuri kiasi cha kutukana nacho na kuomba msamaha nacho, na watu wa kwetu walimpenda kwa yote mawili.

Shuleni alifika kidato cha pili tu. Baba yake aliugua, akarudi nyumbani kuchuma majani, ikawa basi. Lakini hesabu haikumtoka. Akipima marinda ya sketi alikuwa akiongea na namba kama mtu anavyoongea na kuku wake: "Wewe njoo hapa. Wewe ngoja, zamu yako bado." Aliniambia kwamba darasa la sita mwalimu wao alikuwa na mchezo. Anaandika tarakimu tatu ubaoni. Mnazipanga mpate namba kubwa kabisa, halafu mnazipanga mpate ndogo kabisa, mnatoa ndogo kwenye kubwa. Anayemaliza kwanza anatoka nje kucheza. Jerusa alimaliza kwanza kila mara, na kila mara alibaki dirishani kuchungulia wenzake wamepata ngapi.

Agosti ya mwaka wa 1996, shule zikiwa zimefungwa, makanisa ya upande wetu yaliungana kuandaa mbio za nyika za vijana na akina mama. Mwenyekiti wa mbio alikuwa Mzee Kimeli, mzee wa kanisa, mtu wa shamba zuri la chai na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alikuja dukani na robota la kitambaa cheupe cha amerikani begani.

"Mama Gichana," akasema, "nataka namba za kifuani. Wanaume waanzie mia moja, wanawake waanzie mia nne. Tarakimu nyeusi, zionekane kutoka ng'ambo ya uwanja. Unaweza?"

"Mzee, hata ukitaka zionekane kutoka Litein."

Jerusa alikata vielelezo vya tarakimu kwenye katoni la sabuni, kuanzia sufuri hadi tisa, na akagundua kwamba sita na tisa zinahitaji kielelezo kimoja tu, unageuza. Hilo peke yake lilimfurahisha asubuhi nzima. Kufikia mchana meza yake ilikuwa na vilima vya tarakimu nyeusi za kitambaa, vimepangwa kama nyanya za kuuza.

Halafu mvua ya mawe ikashuka. Mnajua ya kwetu: mbingu inakuwa nyeusi upande wa msitu, upepo unapita juu ya majani chai kama mkono, halafu mabati yanaanza kupigwa. Hatukusikizana. Barabara iligeuka nyeupe. Mteja wangu wakati huo alikuwa Dorine, msichana mwembamba mwenye miguu mirefu aliyechuma chai asubuhi na kukimbia jioni. Nilikuwa nimemsuka nusu ya kichwa. Umeme ukapotea, nikaacha, tukasogea mbele kwenye mwanga wa mlango, tukakaa tukimtazama Jerusa.

Kwa kuwa hakuweza kushona kwa kelele ile, alianza kucheza. Alichukua tarakimu tatu kutoka vilima vyake, saba, mbili na moja, akazipanga mezani kubwa mbele: 721. Chini yake akapanga ndogo mbele: 127. Akatoa. Akaweka jibu kwa tarakimu za kitambaa: 594. Mvua haikuisha, naye hakuwa na haraka, basi akafanya kitu ambacho mwalimu wao wa darasa la sita hakuwahi kukifanya. Alichukua lile jibu lenyewe akalipanga upya. 954, toa 459. Akapata 495.

Akapanga tena. Tarakimu ni zilezile, tisa, tano, nne. 954, toa 459. Akapata 495.

"Ee," akasema. "Umejizaa mwenyewe?"

Akachukua nyingine: tatu, nane, sufuri. 830 toa 038, akapata 792. Akapanga: 972 toa 279, 693. Akapanga: 963 toa 369, 594. Nilimwona mkono ukipunguza mwendo. 954 toa 459.

Akaweka ile nne, ile tisa, ile tano, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Halafu akaruka. Kiti kikaanguka.

"Nelvine! Imerudi! Ni ileile!"

"Nini imerudi?"

"Hii! Njoo! Dorine, njoo na hicho kichwa chako! Chukua namba tatu. Zozote! Usiniambie."

Dorine akachagua moja, sita na nane. Jerusa akamfundisha kupanga. Mimi nikachukua moja, moja na mbili, maana nilitaka kumshinda kwa kitu kidogo. Yangu ilienda njia ndefu: 211 toa 112 ni tisini na tisa, naye akaniambia niiandike kwa tarakimu tatu, sufuri mbele. 990 toa 099, 891. 981 toa 189, 792. 693. 594. Dorine alikuwa amemaliza tayari, ananitazama kwa macho makubwa, mkono mdomoni.

"Usiseme," nikamwambia.

495.

Tulipiga kelele sote watatu mpaka mwenye duka la mbolea jirani akaja mbio na jembe, akidhani mabati yametuangukia. Tukamkalisha naye achague namba.

Mvua ilipoisha, habari ilitoka na maji. Kufikia siku ya soko iliyofuata Roret ilikuwa imeshikwa. Wauza mahindi waliandika vumbini kwa vijiti. Muuza nyama aliandika kwa chaki kwenye mlango wa bucha. Wenye kungoja gari la majani chai walikaa juu ya vikapu vyao wakipanga na kutoa, na kila baada ya muda mtu alipaza sauti, "Imeingia!" kama goli. Mtu akifika kutoka Kapkatet au Sotik aliulizwa namba kabla ya kuulizwa habari za nyumbani. Jerusa alipita katikati ya hayo yote, tepu ya kupimia shingoni, akiinama huku na kule, "Hapana, baba, umesahau kukopa, rudia," na uso wake uliwaka kama wa bibi harusi.

Wakimbiaji wanawake nao wakaanza kuja dukani kwa siri, mmoja mmoja, wakiomba kupewa 495. Walisema namba inayovuta nyingine zote lazima itavuta pia miguu. Jerusa aliwafukuza kwa kicheko. "Hiyo ni namba, si ng'ombe wa kukokota jembe!"

Lakini maneno hayo ndiyo yaliyomfikia Mzee Kimeli.

Lazima niwaeleze kwamba siku zile kulikuwa na uvumi mwingi juu ya watu wa kuabudu shetani. Ulisikika kwenye mahubiri, kwenye redio, kwenye mazishi. Watu walikagua karatasi za biskuti na vibandiko vya sabuni wakitafuta sita tatu. Sasa mzee ameambiwa kwamba fundi aliyepewa namba za kanisa amepata namba moja inayomeza nyingine zote, na wasichana wanaililia.

Alikuja siku ya soko, mchana, na nusu ya soko ikamfuata. Hakusalimu vizuri.

"Mama Gichana. Nimekuja kuchukua kitambaa changu."

Kicheko cha Jerusa kilikatika. "Kwa nini, mzee?"

"Hiyo kitu unafanya. Ati kila mtu anaenda na namba yake, na wote wanapelekwa mahali moja. Nani anawapeleka?"

"Hakuna mtu anawapeleka. Ni kutoa tu. Ni hesabu ya darasa la tatu."

"Nimefanya kutoa miaka yote na sijawahi kupelekwa mahali."

Watu wakacheka kidogo. Jerusa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kazi ile ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na zaidi ya kazi, soko lote lilikuwa linamtazama, yeye mgeni wa miaka mingi, likingoja kuona kama anajua anachofanya.

"Mzee," akasema, "wewe mwenyewe hujachagua. Chagua namba yako, tuitoe hapa mbele ya watu. Yoyote unayotaka."

Mzee Kimeli akamtazama. Halafu akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia: "Sita. Sita. Sita."

Mama mmoja karibu yangu akashika msalaba wake. Nilitaka kumvuta Jerusa sketi. Lakini yeye alikuwa tayari anapekua kilima cha sita, na nilimjua: hakuwa na woga, alikuwa na hamu. Hakuwahi kujaribu ile.

Akapanga kubwa mbele: 666. Akapanga ndogo mbele. Akasimama. Zilikuwa zote sawa. Namba kubwa na namba ndogo ni ileile. 666. Akatoa, akaweka mezani sufuri, sufuri, sufuri.

Mzee akainama, akahesabu kwa kidole. Akachukua zile sita tatu, akazigeuza juu chini zikawa tisa tatu. "Na hivi?"

"999 toa 999. Sufuri."

"Haiendi popote," mzee akasema taratibu. "Hiyo ya yule mwovu haiendi popote." Kisha akanyoosha mgongo, na uso ukafunguka, na akageukia watu akainua mikono. "Imebaki sufuri! Mmeona? Sufuri!"

Soko lililipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu alianza wimbo wa kanisa. Jerusa angeweza kukaa kimya hapo na mambo yangeisha vizuri, mpaka leo najiambia hivyo. Lakini alipanda juu ya kiti chake cha cherehani, akapunga mikono.

"Ngojeni! Mzee, ngoja! Si hiyo peke yake. Hata 333 itabaki sufuri. Hata 777. Yoyote yenye tarakimu tatu zinazofanana."

"Hata saba?" Mzee Kimeli alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Hata saba, mzee. Siwezi kukudanganya. Hizo zinazofanana ndizo tu hazifiki. Nyingine zote zinafika."

Nadhani hapo ndipo mzee alipoanza kumwamini, lakini alitaka zaidi. "Sawa. Sasa niambie kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini zinafika. Hizo zingine. Kwa nini mia nne tisini na tano, na si mia mbili, na si mia nane?"

Jerusa akazitazama tarakimu mezani. "Sijui, mzee."

"Basi," akasema, bila hasira sasa, "Ijumaa nitarudi. Ukiwa unajua, utamaliza namba zangu. Kama hujui, nitachukua kitambaa changu. Sitaweka kifuani mwa watoto wa kanisa kitu ambacho hata mwenye kukishona hajui kinatoka wapi."

Watu walipoondoka nilidhani Jerusa atalia. Aliinua kichwa, na macho yalikuwa yanang'aa.

"Nelvine, umesikia alivyouliza? Kwa nini! Ndilo swali lenyewe! Mimi nimekuwa nikicheza tu kama mtoto!"

Kesho yake mapema alikuja Mwalimu Kipkurui, aliyefundisha hesabu kwenye shule ya upili na wakati wa likizo alikuwa akichuma majani yake mwenyewe. Alikuwa bado amevaa aproni ya plastiki ya kuchumia, imelowa umande.

"Mama Gichana, nimeacha kikapu shambani," akasema. "Jana nimejaza karatasi zote nyumbani. Nataka kukwambia kitu, na usikasirike."

"Sema, mwalimu."

"Hii kitu inajulikana. Tulipokuwa chuo, mhadhiri wetu alitutajia siku moja. Kuna mwalimu wa shule kule India, alicheza mchezo huu huu kwa tarakimu nne, akapata namba moja inayoita zote. Ya tarakimu tatu ni hii yako. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Nilimwangalia Jerusa. Nilidhani ataumia, maana alikuwa ameibeba namba ile kama mtoto wa tumboni. Akakaa chini polepole.

"Mwalimu wa shule?" akauliza. "Mtu tu, kama wewe?"

"Mtu tu."

"Kule India. Akapanga kubwa mbele, ndogo nyuma." Akapiga paja lake. "Basi ni kweli! Kumbe haikuwa mvua ya Roret! Hata huko inafika!" Na kicheko chake kikapasua asubuhi. "Alisema kwa nini?"

"Kama alisema, mimi sikumbuki. Tuliambiwa kwa dakika chache, kengele ikalia."

"Basi vua aproni, mwalimu. Tutafute."

Sikupokea mteja siku ile. Dorine, aliyekuwa bado na kichwa nusu tangu siku ile ya mvua, alikuja kumaliziwa akaishia kuwa mpangaji wa tarakimu. Tulitandaza amerikani sakafuni, tukapanga matokeo yote juu yake, na kwa muda mrefu hatukuona chochote ila namba. Mwalimu alijaribu herufi za aljebra, akazifuta. Na hapa niseme kwa majivuno: mimi ndiye niliyeona kitu cha kwanza. Nilikuwa nimesimama, nikitazama kutoka juu kama ninavyotazama njia za nywele.

"Mbona katikati ni tisa?" nikauliza.

"Wapi?"

"Kote. 594, tisa. 792, tisa. 693, tisa. 198, tisa. Kuna mstari wa tisa katikati yenu."

Wote wakainama kutazama. Halafu Jerusa akapiga magoti, akachukua 721 na 127, akaanza kutoa kwa sauti, polepole, kama mara ya kwanza maishani.

"Moja haiwezi kutoa saba. Inakopa kwa jirani, kwa mbili. Mbili imebaki moja. Sasa hiyo moja itoe mbili. Mbili! Mwalimu, ya katikati ni ileile juu na chini! Ingejitoa iishe, lakini imekopesha jirani yake, imepungukiwa moja. Lazima nayo ikope. Kumi na moja toa mbili, tisa. Ingekuwa tano, kumi na nne toa tano, tisa! Ingekuwa chochote, tisa! Haijalishi ya katikati ni nani!"

Mwalimu Kipkurui alikuwa ameshika kichwa. "Na pembeni," akasema, "tazama pembeni. Tano na nne. Saba na mbili. Sita na tatu. Zinafanya tisa. Kila mara tisa. Bila shaka! Huku kushoto ni tofauti ya kubwa na ndogo, imepunguzwa moja kwa kukopesha. Huku kulia ni kumi, toa tofauti ileile. Ukijumlisha, tofauti inajifuta, inabaki tisa!"

"Zinazofanya tisa ni ngapi?" Dorine akauliza. Akajijibu kwa vidole. "Sufuri na tisa. Moja na nane. Mbili na saba. Tatu na sita. Nne na tano. Basi."

"Basi?" akasema Jerusa.

"Basi. Zimeisha. Ni tano tu."

Sitaisahau sura ya Jerusa. Namba zote za tarakimu tatu duniani, mamia kwa mamia, ukiondoa zile zinazofanana, ukishatoa mara moja tu zimeingia katika nyumba tano. Akazipanga nyumba zile kwenye kitambaa, moja juu ya nyingine. Tisa, tisa, sufuri: ukitoa unapata 891, umeingia nyumba ya pili. Tisa, nane, moja: unapata 792, nyumba ya tatu. Tisa, saba, mbili: 693, ya nne. Tisa, sita, tatu: 594, ya tano. Na tisa, tano, nne inakupa 495, yenyewe, tisa na tano na nne. Hakuna nyumba nyingine ya kwenda. Ilikuwa ngazi. Popote ulipoingilia ulikuwa kwenye ngazi, na ngazi ina mwisho mmoja.

Mwalimu Kipkurui alikuwa akicheza ngoma na aproni yake. Dorine alikimbia nje akazunguka soko lote na kichwa chake nusu kimesukwa, bila sababu yoyote, kisha akarudi. Jerusa hakucheka. Alikaa sakafuni, machozi yakimtiririka, akigusa ngazi yake ya kitambaa kutoka juu mpaka chini.

"Haingeweza kuwa vingine," alikuwa akisema. "Nelvine, haingeweza kuwa vingine."

Ijumaa Mzee Kimeli alirudi. Jerusa alikuwa amefunga kamba ya nguo mbele ya duka na kuning'iniza nyumba zake tano, tarakimu nyeusi juu ya nyeupe, watu wote waone. Hakumhubiria. Alimpa namba atoe mwenyewe, akamwonyesha jirani anavyokopa kwa jirani. Mzee alisimamisha mambo mara nyingi. Alirudia. Aliuliza kuhusu sufuri. Alikataa jambo moja, akalitoa mwenyewe kwa kidole hewani, akalikubali. Kisha, katikati ya maelezo, akamzuia Jerusa kwa kiganja.

"Nyamaza kidogo, mama." Akatazama kamba, midomo ikicheza. Akageukia umati, na akaanza kueleza mwenyewe, kwa Kipsigis, kwa ile sauti yake ya ng'ombe, jinsi ya katikati inavyopungukiwa na jinsi za pembeni zinavyofanya tisa, akipanda ngazi kwa fimbo yake, nyumba kwa nyumba. Akifika mwisho alipiga fimbo chini. Watu wakajibu kwa sauti moja, "Mia nne tisini na tano!" Akamgeukia Jerusa, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Kongoi mising," akamshukuru kwa Kipsigis. "Maliza namba zangu."

Siku ya mbio, uwanja wa shule ulijaa mpaka juu ya miti ya uzio. Namba zilitolewa kwa jinsi mtu alivyofika kwenye meza, hilo mzee alilisimamia mwenyewe ili 495 isigombaniwe. Wanawake walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, na tukafika mia nne tisini, tukaendelea. Mzee Kimeli alinyoosha mkono na ile namba bila kuinua macho.

"Jina?"

"Unanijua," sauti ikasema.

Alikuwa Sally, mke wake. Mama wa makamo, raba za kuazima miguuni, kitambaa kimefungwa kichwani. Alikuwa amejipanga kwenye foleni bila kumwambia mtu. Mzee alitazama mke, akatazama namba.

"Utaweza kuzunguka?" akauliza.

"Nani anachota maji bondeni kila siku? Nipe pini."

Dorine alishinda. Alivaa 407, na alipoingia uwanjani peke yake, mbele ya wote, watu hawakumshangilia kwa jina. Walimshangilia kwa hesabu! Nilisikia upande mmoja wa uwanja ukipiga kelele, "Mia sita tisini na tatu!" na upande mwingine ukijibu, "Mia tano tisini na nne!" na alipokata utepe wote kwa pamoja, "Mia nne tisini na tano!" Jerusa alikuwa amenishika bega mpaka kucha zikaniingia.

Sally alikuja karibu na mwisho kabisa, anatembea na kukimbia, anatembea na kukimbia. Hapo mwenyekiti wa mbio alisahau uenyekiti. Alitupa kofia, akaingia uwanjani na suti yake ya Jumapili, akakimbia kando ya mkewe akimpigia makofi, na makelele yaliyopigwa siku ile kwa mtu wa karibu mwisho hayajawahi kupigwa pale kwa mtu wa kwanza.

Baada ya hapo Jerusa hakutulia. Mwalimu Kipkurui alimletea vitabu vya hesabu, naye akasoma akishona, kitabu kimebanwa kwa pasi. Akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapasi, hesabu akaipasi vizuri kuliko sote tulivyotegemea isipokuwa yeye. Cherehani hakuiacha. Alisema mikono ikiwa na kazi kichwa kinakuwa huru.

Mwaka wa 1999 Onyiego aliacha kiwanda, wakahamia Mulot, njia ya Narok, akafungua duka la vipuri na Jerusa akaweka cherehani barazani. Nilienda kumtembelea. Malori ya ngano yalikuwa yakipita, vumbi tupu, na mteja mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama akingoja shuka lake lipindwe. Jerusa hakuwa anapinda. Alikuwa amepiga magoti, sakafu nzima imejaa chaki.

Hakuniuliza hata habari za safari.

"Nelvine! Za tarakimu nne nimemaliza, zinaenda kwa namba moja, 6174, kama mwalimu alivyosema. Lakini hizi za tano, kuja uone! Hazifiki!"

"Hazifiki wapi?"

"Popote! Tazama. 53955, panga, toa, unapata 59994. Panga hiyo, toa, unarudi 53955. Zinakimbizana! Na huku kuna nyingine nne zimeshikana mikono, zinazunguka hivi, hivi, hivi, hazikai chini kamwe!" Akanishika mkono, akanivuta chini hadi magoti yangu yakagusa chaki. "Shika hii. Chagua tarakimu tano. Zozote."

Yule mteja akaweka fimbo yake ukutani, akachuchumaa karibu nasi. "Na mimi," akasema, "nichague ngapi?"